Mwano wa Mama Loveness

Mwita wa mashine alizima injini Zipora alipofika zamu yake. Hakuizima kwa hasira. Aliizima kama mtu anayekwenda kunywa chai, akajipangusa unga kwenye nyusi, akakodolea macho paa la bati. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kushughulika na kanga zao. Debe la mahindi la Zipora lilikuwa palepale juu ya mzani, na hakuna aliyeliona.

"Mwita," Zipora akasema, "kilichokwisha ni dizeli au masikio?"

Mwita akazidi kulikodolea paa. Yeye si Msukuma, alitoka kwao Tarime kutafuta maisha, lakini anaishi hapa na sheria ya hapa anaijua. Anayemsalimia mtu aliyetengwa, au kuitikia salamu yake, au kumsagia, anatoa mbuzi. Mwita hana mbuzi. Ana mashine ya kukodi na mke mwenye mimba ya siku zozote.

Nyuma ya Zipora alikuwa amesimama Asteria, jirani yake, ua wa minyaa ndio unaowatenganisha. Huyu ndiye aliyemshika mgongo Zipora akimzaa Loveness. Huyu ndiye aliyekuwa akipitisha mkono kwenye minyaa kuomba chumvi, akaomba na kitunguu, akaomba na habari za mjini. Sasa alikuwa anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea aliobebea mahindi yake, na wote wanajua Asteria hajui kusoma.

"Haya, someni," Zipora akasema. Akajitwika debe lake na kuondoka. Hajafika hata kona ya duka, injini ikanguruma tena nyuma yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta upesi kwa mkono wa blauzi. Aliwachukia, akajichukia na yeye kwa kulia.

Jioni hiyo alitwanga mahindi kwenye kinu cha mama mkwe wake, marehemu, kinu ambacho kuku walikuwa wameshakigeuza kiota.

*

Kosa lake lilikuwa sauti. Hapa kwao, nje kidogo ya Kharumwa, mwizi wa ng'ombe akiingia zizini mtu hupiga mwano, ule ukelele mmoja mrefu, na kila mwanamume anayeusikia hutoka na alichonacho: upinde, rungu, panga. Haulizi, anakimbia. Ndiyo maana kupiga mwano wa uongo ni kosa kubwa, na adhabu yake ni fahali.

Zipora ni mpishi wa uji shule ya msingi. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kuwasha moto akasikia shoka zinalia ndani ya ngitili ya shule, lile eneo la majani na miti lililohifadhiwa. Ngitili hufungwa mvua zikianza. Haingii ng'ombe wala shoka mpaka kiangazi kikaze, ndipo hufunguliwa kwa wenye mifugo kununua majani. Majani ya ngitili ile ndiyo yanayonunua mahindi ya uji, na uji ndio unaowaweka watoto darasani. Kabla ya uji, njaa ikiuma saa nne, watoto walikuwa wanateremka mwaloni, kule yanakooshwa mawe ya dhahabu, kubeba maji na kukoroga matope, na wengi hawakuwa wakirudi kwenye daftari. Zipora anayajua hayo kwa sababu na yeye aliteremka akiwa darasa la nne.

Basi aliposikia shoka, mvua zikiwa bado zinanyesha, mdomo ulifunguka wenyewe. Akapiga mwano. Wanaume wakatoka mbio, wengine wana povu la sabuni kidevuni. Wakakuta vijana wa Boaz wanaangusha migunga.

Boaz ni mnunuzi kutoka Geita. Alikuwa anataka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu zisiporomoke, na miti ikishaisha alitaka eneo lile aweke karasha zake za kusagia mawe. Kama malipo, angejenga darasa moja jipya la tofali za saruji. Mtemi wa sungusungu, Mzee Sostenes, alishampa mkono, na mkutano ulishaitikia. Zipora peke yake ndiye aliyesimama siku ile akasema hakubali, wakamcheka.

Safari hii hawakucheka. Wanaume walisimama na pinde zao katikati ya magogo, wanahema, wameaibika. Sostenes akasema huu ni mwano wa uongo, hapa hakuna mwizi, hapa kuna ruhusa yangu. Zipora alete fahali mbele ya dagashida, mkutano wa wananzengo, wanakijiji wote, na aombe radhi. Mpaka hapo nyumba yake yote imetengwa.

*

"Tumpeleke," mumewe akasema.

Ndaki alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imejaa tope mpaka magotini. Ametoka lamboni kunywesha. Siku hizi ng'ombe wake wanasubiri mpaka wa kijiji kizima wanywe, ndipo wanateremka kwenye kilichobaki, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyemwambia asubiri. Anapokaribia tu, vijana wanasimama mbele yake na fimbo zao na kumpa mgongo, vijana ambao baba zao alichunga nao.

"Tumpeleke nani?" Zipora akauliza, ingawa alijua.

"Fahali. Tumalize maneno."

Fahali alikuwa mmoja tu, mwekundu mwenye nundu, na alikuwa na kazi yake. Loveness, binti yao wa kwanza, alimaliza kidato cha nne akapata nafasi chuo cha mifugo. Fahali ndiye ada. Walikubaliana hivyo mwaka jana, walipopoteza majike kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua jina, na bwana mifugo wa kata akafika wakiwa wameshachuna ngozi. Siku ile Ndaki ndiye aliyesema kwa kinywa chake, na mkono wake ulikuwa juu ya fahali: huyu ni wa chuo.

"Ukimpeleka," Zipora akasema, "umesema mke wako ni mwongo."

"Nitakuwa nimesema nataka ng'ombe wangu wanywe maji, Mama Loveness."

"Na waliokuwa wanakata walikuwa wanafanya nini? Wanapalilia?"

"Mimi nimesema wanapalilia? Nimesema nimechoka. Wewe unakaa na sufuria zako. Mimi nakaa na watu." Akakwangua tope mguuni kwa kijiti. "Leo nimemsalimia Masele. Kaka yangu wa ukoo. Amegeuka kukojoa."

Loveness alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akasema bila kuinua uso, "Baba, mpeleke tu. Chuo hakihami. Nitakwenda mwakani."

Zipora aliweka chini kibuyu. Alipandwa na hasira, akaiachia.

"Mwakani? Sikiliza wewe. Mimi niliambiwa mwakani. Mama yangu aliniambia teremka mwaloni msimu huu tu, mwakani utarudi shule. Nimekamata zebaki kwa mikono hii mitupu, nakoroga kwenye beseni kama anayekanda ngano, na hakuna mtu aliyeniambia ile ni sumu maana hakuna aliyejua. Wote tulikuwa wa mwakani. Niangalie." Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vinatetemeka, kama vinavyotetemeka kila siku, anapomimina uji na anaposhika sindano. Katika nyumba hiyo hawakuwa na desturi ya kuvisema. "Hii ndiyo mwakani yangu."

Ndaki aliangalia pembeni. Akatoka kwenda kufunga zizi, akakaa huko muda mrefu kuliko zizi linavyotaka.

*

Shuleni Sostenes hakuwa na amri, lakini nyumbani kwa watoto alikuwa nayo. Jumatatu uji ulipoiva, watoto walipanga mstari na vikombe vyao, wakafika mbele ya sufuria na kusimama. Hakuna aliyekinga.

"Vaileth," Zipora akamwambia binti wa Asteria, wa darasa la sita, aliyekuwa wa kwanza. "Lete kikombe."

Vaileth alikumbatia kikombe kifuani. "Mama amesema nisipokee kwako, shangazi. Mbuzi tunaye mmoja tu."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Euphrasia, alikuja kutoka ofisini. Ni mwanamke wa Bukombe, mgeni hapa, na Sostenes alishamkumbusha kwamba walimu huhamishwa. Alitazama mstari, akatazama sufuria. Akachukua kikombe cha Vaileth, akajichotea mwenyewe, akanywa chote amesimama mbele ya watoto, ukimuunguza ulimi.

"Uji hauna kosa," akasema. Watoto walimtazama. Hawakunywa.

Saa nne na nusu mstari wa watoto ulionekana ukiteremka njia ya mwaloni, sare za bluu zikipotea kwenye majani, na Vaileth yumo. Zipora aliwaona wote akiwa na mwiko mkononi. Uji ulikuwa umeganda ngozi juu.

Boaz alimkuta hapohapo. Alizima pikipiki, akavua kofia, akavuta kiti cha mwalimu na kukaa bila kukaribishwa.

"Shikamoo mama."

"Wewe hujui nimetengwa? Utatoa mbuzi."

"Mbuzi ninao." Akacheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya. Boaz si mtu wa kupiga kelele. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Fahali wao nitamlipa mimi. Wewe uje kambini kwangu upikie wachimbaji. Mshahara kila mwezi, siyo huu wa kusubiri majani yauzwe. Binti yako anakwenda chuo, mzee wako anapumua. Na darasa nawajengea. Sasa mtu anayewapinga watoto kujengewa darasa, mtu huyo ni nani?"

Zipora alikuna mkono. Neno lile lilimuuma, maana madarasa kweli hayatoshi, na watoto wa darasa la pili wanasomea nje kwa zamu.

"Darasani mwako atakaa nani?" akasema mwishowe. "Angalia njia ile. Wanaoteremka ndio waliokuwa wakae. Wewe utatujengea nyumba ya kuku, kuku umeshawachukua."

"Siwachukui mimi. Njaa inawachukua."

"Njaa tulikuwa tumeifunga ndani ya ngitili. Wewe ndiye uliyeifungulia. Kijiji cha jirani uliwaahidi kisima. Nimepita pale, wana mashimo, mtu anachagua atumbukie lipi. Matimba yakiisha hapa utakwenda kwingine, wewe una pikipiki. Sisi majani yetu hayana pikipiki."

Boaz akavaa kofia. "Ijumaa ni dagashida," akasema kwa upole. "Fikiria fahali wako, mama."

*

Ijumaa Zipora aliamka akakuta zizi halina fahali.

Alisimama mlangoni mwa zizi amevaa kitenge kimoja. Fito zilikuwa zimerudishwa vizuri. Ni kazi ya mwenye nyumba. Kitanda cha Ndaki kilikuwa baridi, na fimbo yake haikuwepo ukutani. Loveness alikuwa amesimama uani, amejifunga kanga ya mama yake mabegani.

"Ametoka bado giza," Loveness akasema. "Nimemuuliza anampeleka wapi. Amesema panapostahili."

Basi. Amempeleka. Zipora alikaa chini kwenye mavi makavu ya ng'ombe, mtu mzima, na hakulia safari hii. Alimkasirikia Ndaki kwa kila mwaka waliokaa pamoja, kwa upole wake uleule aliompendea. Kisha akaondoka akaoga, akavaa gauni lake la kanisani. Kama watamchinja fahali wake mbele yake wamle, atakuwepo, na atasema alichokuwa nacho hata kama hakuna mwenye ruhusa ya kumjibu.

Watu walikusanyika nje ya ghala la zamani la pamba. Sostenes alikaa katikati kwenye kiti cha plastiki, mgwisho wa mkia wa ng'ombe pajani. Boaz alikuwa pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Kisu kilikuwa tayari, sufuria tayari, na wanawake wa kupika walikuwa wameshapanga mafiga. Zipora alipotokea watu wakampisha njia pana kupita kiasi.

Aliangaza macho. Fahali hakumwona. Ndaki hakumwona.

"Mama Loveness," Sostenes akasema. Yeye tu ndiye aliyeruhusiwa. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Shikamoo mtemi." Na ukweli ulikuwa mmoja tu: "Sijui."

Mnong'ono ukapita. Sostenes akakunja uso. Alitegemea kilio au matusi, na yote mawili angeyaweza. "Hujui fahali wako alipo?"

"Hata mimi nilitegemea kumkuta hapa."

Walikaa hivyo. Jua likasogea. Wanawake wakapunguza moto. Mmoja akauliza kama maji yaendelee kuchemka. Ndipo Ndaki alipotokea njia ya mnadani, anatembea kama siku zote, hana haraka, tope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na kamba ya ngozi. Ng'ombe hayupo.

Akapita katikati ya watu, akaitupa kamba mbele ya miguu ya Sostenes.

"Fahali amekwenda chuo," akasema.

Watu wengine walicheka, wakanyamaza walipoona hacheki.

"Amekwenda chuo cha mifugo kwa jina la Loveness, na aliyemnunua amelipa. Kwa hiyo leo msichemshe maji. Mimi sitasema mengi, mtemi, si unanijua. Nina kamba hii na nina swali." Akanyoosha fimbo yake, ile ya mgunga, iliyolainika mpini kwa miaka ya mkono. "Fimbo hii naikumbuka, na wewe unaikumbuka. Niliikata ngitili ya shule, mvua zikinyesha, kabla haijafunguliwa. Fimbo moja. Ukanitoza mtamba. Nikalipa?"

Sostenes akaugeuza mgwisho pajani.

"Nauliza, nililipa au sikulipa?"

"Ulilipa," Sostenes akasema.

"Nililipa, na sikunung'unika, maana nilikuwa nimeiba. Ulisema hivyo wewe, ulisema anayeingiza chuma ngitili iliyofungwa ni mwizi wa watoto wote. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu nimeiba." Zipora hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo, hata siku ya posa. "Sasa waliingia watu na shoka, ngitili imefungwa. Mke wangu akaona wezi, akapiga mwano. Mwano haukuwa wa uongo. Wa uongo ulikuwa mtamba wangu, kama ruhusa ilikuwepo. Nirudishiwe."

"Baba Loveness, mambo ya maendeleo—"

"Nirudishiwe mtamba wangu."

Kisha kutoka nyuma sauti ya Masele, yule aliyegeuka kukojoa: "Na mimi beberu wangu. Mbuzi waliruka ua tu, hawakukata kitu."

"Mimi dume," mwingine akasema. "Kuni za msiba zile. Za msiba, mtemi."

Wakaanza kusimama. Kumbe kila ukoo ulikuwa na mnyama wake ndani ya ile ngitili, na kila mmoja alikuwa amemlipa kwa aibu akidhani ni sheria. Waliwataja kwa rangi zao, mwenye baka, mwenye pembe iliyokatika, na hasira yao haikuwa ya miti hata kidogo wakati huo. Lakini ilitosha. Boaz alijitoa ukutani, akaangalia nyuso, akavaa kofia yake polepole. Zipora alimwona akihesabu watu, siyo magogo.

Sostenes aliinuka na mgwisho wake. Alikuwa mzee na alikuwa mwerevu. Akasema ngitili imefungwa na itabaki imefungwa, shoka zisiingie, mengine yatazungumzwa kiangazi. "Lakini fahali hakulipwa," akasema, "na mimi siwezi kuvunjiwa neno mbele ya watu. Nyumba hii bado imetengwa mpaka walipe."

"Basi tutakaa tumetengwa," Zipora akasema. "Kwangu si mbali. Mkitaka kutusalimia mtatukuta."

Njiani kurudi walitembea kama wanavyotembea siku zote, yeye nyuma, Ndaki mbele. Walipofika kwenye minyaa, Zipora akasema, "Ungeniambia."

"Ungenizuia kwa maneno," Ndaki akasema. "Na nilikuwa sijajua kama nitafika mnadani au nitaishia kwa Sostenes. Kwenye njia panda nimesimama sana. Yule fahali ndiye aliyechoka kusimama."

*

Jumatatu Zipora aliwasha moto kama kawaida. Kuni zilikuwa chache. Waliozoea kuleta hawakuleta. Kijana wa sungusungu alikuwa ameegemea nguzo ya lango la shule na rungu lake, ametumwa aone nani atasema nini na nani. Kule ngitilini visiki vilikuwa vinatoa utomvu, na kati ya visiki majani yalikuwa yameshafika magotini. Zipora alimimina unga kwenye maji, vidole vikitetemeka, mwingine ukamwagika majivuni. Akautazama tu.

Watoto wakapanga mstari. Vikombe vilikumbatiwa kifuani, vilevile.

Ndipo Asteria alipopita langoni na mzigo wa kuni kichwani, mzigo mkubwa, shingo imekaza. Kijana wa rungu akasogea. Asteria akampita, akaja mpaka jikoni, akautua mzigo kwa kishindo. Akasimama anahema, macho chini, amebana midomo. Kuleta kuni siyo kusalimia. Sheria haikusema neno juu ya kuni, na angeweza kugeuka akaenda zake salama.

Zipora alimtazama. Alikuwa bado na kinyongo cha mashine, na hakutaka kumrahisishia. Akampa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa sauti ya kufika langoni.

"Mwangaluka, Asteria."

Mstari mzima ukageuka. Mwalimu Euphrasia alitokea mlangoni mwa ofisi na chaki mkononi. Kijana wa rungu alisimama wima.

Asteria alifungua fundo la kanga, akajifuta jasho la uso wote, taratibu, akalifunga tena.

"Mwangaluka, Mama Loveness," akaitikia. "Mhola?"

"Mhola duhu," Zipora akajibu, salama tu.

"Mbuzi wangu ni yule mweusi," Asteria akamwambia kijana wa langoni. "Amefungwa nyuma ya nyumba. Waje wamchukue." Kisha akamgeukia binti yake. "Vaileth, unangoja nini? Kinga kikombe."